Uhusiano na Mgonjwa: Mwenyewe

Tangazo la kifo chake lilinifikia kwenye simu, kama yanavyotufikia yote siku hizi, limetumwa kutoka kundi moja hadi jingine. Lilisema tumempoteza mama mpole, mnyenyekevu, mwenye subira. Nikalisoma mara mbili nikidhani amekufa mtu mwingine. Nimefanya naye zamu ya usiku miaka kumi na moja, mimi dereva wa ambulensi na yeye muuguzi, na naapa kwamba upole sikuuona, unyenyekevu hakuwa nao, na subira aliipiga vita kama wengine wanavyopiga vita malaria. Aliyeandika lile tangazo ama hakumjua, ama alimwogopa hata alipokuwa ndani ya sanda. Kwa hiyo nimekaa niandike langu.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Huku kwetu Garissa hilo ndilo swali la kwanza. Kabla hujapewa maji ya kunywa umeshaulizwa wewe ni wa kina nani. Yeye alilichukia. Mzee akimuuliza ukoo katikati ya kazi, alijibu bila kuinua kichwa, "Mimi ukoo yangu ni zamu ya usiku," na akaendelea kutafuta mshipa wa kutia dripu. Watu wote walimwita Sista, kuanzia daktari mkuu hadi kina mama wanaouza maziwa ya ngamia sokoni, nami nitamwita hivyo hivyo. Mimi aliniita Dereva. Sidhani kama alilisahau jina langu. Aliona tu halina kazi.

Alikuwa mfupi, mzito wa mwili, na miwani yake ilikuwa na kamba iliyopita nyuma ya hijabu ili isianguke akiinama. Mkononi alivaa saa ya kiume. Alibeba chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, kali kwa tangawizi, na mkeka mmoja uliokunjwa ambao nitausimulia baadaye. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa huku: hapana ilikuwa "habana", na vitu vyote vilikuwa vya ngeli moja. Mambo mazito aliyasema Kisomali, na mimi, ingawa ni mtoto wa mashamba ya ndizi kule mtoni, Kisomali nimekiokota tangu utotoni. Hapa nayaandika kwa Kiswahili changu.

Hakuogopa wenye bunduki wala wazee wenye fimbo, lakini daraja la Tana lilimtoa jasho. Kila tukilivuka alifumba macho, akashika mlango kwa mikono miwili na kusoma aya mpaka magurudumu yaguse upande wa pili. Nilimtania kwamba maji hayawezi kuruka yakamkamata. Akaniambia maji hayajawahi kumwahidi chochote. King'ora nacho alikipiga marufuku nje ya mji. Alisema kinamwambia mgonjwa kwamba anakufa, na ngamia aliyesimama barabarani hakijali hata kidogo. Alikuwa na haki. Ngamia ukimpigia kelele anakutazama tu. Unapunguza taa, unangoja aamue.

Hiyo ndiyo subira pekee niliyomwona nayo, ya ngamia. Ofisini kwetu palikuwa na kibandiko ukutani kilichoandikwa "Subira huvuta heri". Siku moja tulikikuta kimeongezewa kwa kalamu ya wino mwekundu: "na jeneza." Msimamizi aliuliza ni nani. Sista akainua mkono juu kama mtoto wa shule anayelijua jibu.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo huwezi kumwelewa. Mjini usiku wetu ulikuwa wa pikipiki zilizogongana, watoto wenye homa, wazee waliopooza upande mmoja. Lakini simu zilizokuwa nzito zaidi zilikuwa za uzazi, na nyingi zilitoka mitaa ya pembeni au vijiji vya njia ya Modogashe. Desturi ya huku ni kwamba mwanamke akihitaji kupasuliwa, haamui yeye. Anaamua mume. Mume akiwa malishoni, anaamua baba mkwe, na baba mkwe haamui peke yake, anawaita ndugu zake, wanatandika mkeka, wanaanza. Si kwamba hawampendi. Kisu kinaogopwa, wanaamini aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima, na tumbo litafungwa mapema. Hata sisi watu wa mtoni tuko hivyo hivyo, nisijifanye. Wanashauriana kwa heshima, kila mtu na zamu yake ya kusema, na damu inaendelea kutoka.

Sista alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilinihusu mimi: tukifika, nisizime injini. "Dereva, usisime gari," alisema kila mara, ingawa baada ya mwezi wa kwanza sikuhitaji kukumbushwa. Alitaka wale wazee wausikie mngurumo wakiwa kwenye mkeka wao. Ya pili ilimhusu mgonjwa. Aliingia ndani, akamfukuza kila mtu aliyekuwa mle, akapiga magoti, akamshika mwanamke mkono na kumweleza hali yake bila kuficha. Kisha akauliza swali moja: "Wewe mwenyewe unasemaje?"

Wengi walikuwa hawajawahi kuulizwa. Aliniambia wengine walimtazama kwanza kuona kama anawatega. Lakini karibu wote walijibu, na akishapata jibu alitoka nje amebadilika, kama mtu mwenye hati ya mahakama mfukoni.

Nakumbuka kijiji kimoja cha njia ya Modogashe. Binti wa uzazi wa kwanza, siku ya pili ya uchungu, mkono wa mtoto umetangulia. Sista alimuuliza, binti akasema nipelekeni. Nje baba mkwe alikuwa ameketi na wenzake wanne, na katikati ya mkeka simu imewekwa sauti ya juu, maana ndugu yake alikuwa Amerika na hakutaka kuachwa nje ya shauri.

"Sisi bado naongea," baba mkwe akamwambia Sista. "Kijana yake iko na ngamia, simu hafiki. Bole bole."

"Ongeeni tu, adeer," Sista akasema, akimwita ami kwa heshima. "Nani huyo kwa simu?"

Sauti ikajibu kwamba ni ami yake mume wa binti, na kwamba yeye anaona wangoje mpaka asubuhi.

"Adeer, huko wewe iko, baridi imeanguka?"

Sauti ikasema ndiyo, theluji ni nyingi mno mwaka huu.

"Basi shika koleo, toa hiyo theluji kwa mlango. Mimi nitoe mtoto." Akainama, akabonyeza simu, ikanyamaza. Kisha akamgeukia baba mkwe kwa heshima zote, akamwambia kwamba mkutano haujavunjwa, unahamia ndani ya gari, na kiti cha mbele kina nafasi ya mzee mmoja mwenye kauli. Waliangaliana. Hakuna mzee anayekubali kwamba mwenye kauli ni mwingine, kwa hiyo baba mkwe akapanda haraka kabla hajatanguliwa. Njia nzima alikuwa akinipa mimi hoja zake, nami nikiitikia. Tulipofika lami akalala. Alizinduka mlangoni mwa hospitali, binti ameshasukumwa ndani, akajiweka kilemba sawa na kutangaza, "Tumekubali." Sista akamshukuru sana. Mtoto alitoka hai, na yule mzee baadaye alisimulia kila mahali kwamba uamuzi ule ulikuwa wake.

Hilo Sista hakulijali. Alichojali ni fomu. Fomu yetu ya rufaa ina mstari unaosema "Jina la aliyetoa idhini", na chini yake "Uhusiano na mgonjwa". Wauguzi wengine huandika mume, baba, kaka. Sista aliandika jina la mgonjwa, na chini yake, kwa herufi kubwa, MWENYEWE. Miaka kumi na moja, fomu baada ya fomu.

Na mkeka? Usiku mmoja tulikuwa na mama wa watoto watatu nyuma, anavuja damu, tukafika kizuizi cha askari. Kijana mmoja aliyekuwa zamu, mgeni wa bara, akasema amri ni hakuna gari kupita mpaka alfajiri, huko mbele hakuko salama. Simlaumu, huko mbele kweli hakukuwa salama, na aliyempa amri hakuwepo. Sista alishuka. Hakubishana. Akatandika mkeka katikati ya barabara mbele ya kile kizuizi, akavaa glavu, akamtupia kijana jozi ya pili.

"Hii ya nini, mama?"

"Kuna daktari huko mbele. Wewe mekataa tufike. Basi wewe ni daktari. Leta tochi, shika hapa."

Kijana alitazama zile glavu kama kitu kinachouma. Akakiinua kizuizi mwenyewe. Wiki iliyofuata tulipopita pale mchana, Sista aliniambia nisimame. Nilidhani anataka kumsimanga. Alishuka na chupa yake, akammiminia chai, akamgusa shingo, akamwambia ana homa na aje hospitali kesho asubuhi, na asipokuja atamfuata na mkeka. Akaja.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, kwa sababu mtu anayemsifu mwenzake bila kutaja alivyomkosea anajisifu mwenyewe tu.

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Usiku ule gari letu lilikuwa gereji. Mimi nilipewa gari jingine nikatumwa Modogashe, na Sista akapangwa wodi ya uzazi. Mke wangu alifika kwa bajaji na mama yake. Mapigo ya mtoto yalikuwa yanashuka. Sista akamweleza, akamuuliza lile swali lake, mke wangu akasema ndiyo, na akapelekwa upasuaji. Nilirudi alfajiri nikaambiwa nina mtoto wa kiume, mzima, na mama yake anapumzika. Unadhani nilisema nini? Nilisema, "Mbona sikupigiwa simu?"

Mimi, niliyekaa nje ya nyumba za watu na injini ikinguruma, nikiwacheka wazee moyoni. Nilimfuata Sista korido nzima. Nilimwambia simu yangu ilikuwa na chaji, mtandao ulikuwepo, na kwamba mimi si mtu wa malishoni, mimi ni mwenzake. Alinisikiliza huku ananawa mikono.

"Nikupigie nikuulize nini?" akasema Kisomali, polepole, ili nisije nikadai sikuelewa. "Mgonjwa yuko mbele yangu, anasikia, anaongea. Uniambie ndiyo? Ndiyo ninayo. Uniambie hapana? Hapana yako ningeiweka wapi?"

Nilinuna. Wiki tatu nilimwendesha bila kumsemesha. Kila usiku alinimiminia chai, akaiweka pale palepale kwenye dashibodi, nami niliinywa kwa hasira. Aliyekimaliza kile kiburi ni mke wangu, aliyeniuliza siku moja akimnyonyesha mtoto, "Kwani unamnunia yule mama kwa sababu huyu anapumua?" Jioni ile nilimsalimia Sista nilipompitia. Akaitikia kama vile tulizungumza jana.

Kwa hiyo msije mkadhani nilikuwa mfuasi wake tangu mwanzo. Na lipo tukio moja ambalo mpaka leo silikubali.

Ilikuwa mtaa wa pembeni mwa mji, si mbali, dakika kumi na tano hadi hospitali. Mama wa mimba ya tano, kondo la nyuma limekaa vibaya, damu inatoka bila uchungu. Mume wake alikuwa dereva wa lori, yuko njiani kutoka Rhamu na mzigo wa vitunguu, atafika kesho. Hapakuwa na wazee wa kushindana nao. Mama mkwe mwenyewe alikuwa analia tumpeleke. Sista akaingia, akauliza. Yule mama akasema hapana. Alikuwa amemwapia mume wake kwamba hatakatwa mume asipokuwepo, na simu ya mume haipatikani, na neno lake ni neno lake.

Sista alimweleza tena. Alimwambia wazi, "Usipokwenda utakufa kabla lori halijafika." Akamwita mama mkwe amwambie. Akauliza mara ya pili, ya tatu. Alimwuliza kwa Qur'ani, kwa watoto wake wanne, kwa kila njia aliyoijua. Yule mama alikuwa na akili timamu, sauti imara. Hapana.

Nilimwita Sista mlangoni. Nikamwambia amedhoofika, hana nguvu za kupinga, mimi na majirani wawili tunamweka kwenye machela sasa hivi, akipona atatushukuru. Nilikuwa tayari nimeishika machela. Sista akaniondoa mkono.

"Nikimbeba huyu kwa nguvu," akasema, "mimi ni mzee mwingine tu, ila nina glavu."

Tulibaki. Alimtundikia dripu, akamlaza ubavu, akamfuta uso, akaendelea kumwuliza kila baada ya muda. Nje injini ilinguruma mpaka mafuta yakashuka nusu. Yule mama alifariki kabla ya alfajiri, na mtoto naye. Lori la vitunguu liliingia mjini adhuhuri.

Nimelifikiria hilo miaka mingi. Kuna usiku naona Sista alikuwa sahihi, na kuna usiku namwona yule mama pale chini na machela iko hatua mbili, nami nataka kupiga ukuta. Sista mwenyewe hakujitetea. Alikwenda matangani siku zote tatu, akakaa na wanawake, mama mkwe akamtukana mbele ya watu, akamjibu tu kama mtoto kwa mama, "Haki yako, hooyo." Siku ya nne alirudi kazini, na kuanzia hapo akaanza jambo lililomletea balaa.

Siku zake za mapumziko, mchana wa jua kali, akawa anapita nyumba za wanawake wajawazito. Aliketi, akanywa chai yao, akauliza swali lake mapema, kabla ya damu, kabla ya wazee, kabla ya mume kuapisha mtu: saa ile ikifika, wewe mwenyewe unasemaje? Jibu aliliandika kwenye kitabu cha kliniki cha yule mama, ukurasa wa nyuma, na mama akaweka dole gumba. Akisema ndiyo aliandika ndiyo. Akisema hapana aliketi mpaka jua litue akibishana naye, na akishindwa aliandika hapana.

Wazee wakaja ofisini. Walikuwa saba, kanzu safi, wakasema muuguzi huyu anapita nyumba kwa nyumba kufundisha wanawake ukaidi. Mimi niliitwa kama shahidi. Msimamizi alikuwa na rundo la fomu zetu mezani, akazipekua, akauliza kwa nini kwenye uhusiano na mgonjwa anaandika mwenyewe.

"Mwenyewe si uhusiano, Sista."

"Ni ya kwanza," Sista akasema. "Hizo nyingine zote nakuja nyuma yake."

Mzee mmoja akasema, bila ubaya, kwamba mwanamke katika uchungu hana akili ya kuamua. Sista akamwuliza kama naye anakumbuka alipong'olewa jino. Mzee akakumbuka, akashika shavu. "Siku hiyo mimi nilikuwa na daktari ya meno," Sista akasema. "Tulikuuliza wewe ama tulimuuliza bibi yako?" Wenzake wawili walificha vicheko kwenye vilemba.

Hata hivyo walimwondoa. Miezi mitatu alikaa stoo ya dawa akihesabu maboksi ya panadoli, na mimi nikapewa wauguzi wengine, watu wazuri, waliokaa kwenye mkeka na wazee wakashauriana nao vizuri mpaka kukapambazuka. Siku moja nilimpelekea chai stoo. Nikamkuta amekaa juu ya boksi, na mbele yake foleni ya wanawake wanane wenye vitabu vya kliniki. Mlango wa stoo ulikuwa nyuma ya jengo na msimamizi hakuwa na habari. Alirudishwa zamu yetu kwa sababu hakuna aliyetaka kukesha, na hakuna aliyemwomba radhi. Akarudi na mkeka na kalamu yake.

Alistaafu, akapewa saa ya ukutani na hotuba. Saa akampa mlinzi wa geti.

Mara ya mwisho kumwona akiwa na nguvu za kusema ilikuwa miezi mitano kabla ya lile tangazo. Simu iliingia mchana, mimi nikiwa na muuguzi kijana ambaye hakuwahi kumjua: mgonjwa wa kupelekwa Nairobi, saratani ya koo, familia iko tayari. Niliposikia ni nyumba gani nikajua mgonjwa ni Sista.

Nyumba ilijaa. Watoto wake watatu wa kiume walikuwepo, na kaka yake mkubwa ameketi kwenye kiti. Kijana wa kwanza, mfanyabiashara, mtu mwenye adabu, akanipokea kwa mikono miwili, akaniita abti, mjomba.

"Karibu, abti. Tumekaa, tumeongea, tumekubaliana. Kitanda kimepatikana Nairobi, na abti hapa amebariki." Akanipa fomu. Alikuwa ameshaijaza. Aliyetoa idhini, jina lake. Uhusiano na mgonjwa, mtoto.

Sista alikuwa kwenye godoro chini ya dirisha. Amekonda mpaka miwani ilikuwa kubwa kwake, ila kamba ilikuwa palepale. Aliitazama machela, akamtazama muuguzi kijana, akanitazama mimi.

"Dereva," akasema. Sauti ilikuwa imebaki nusu. "Mesima gari?"

"Sijazima, Sista. Inanguruma nje."

"Nzuri."

Kisha akanitazama tena. Nilijua anangoja nini, na sikutaka kuuliza. Naliandika hili waziwazi: sikutaka. Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba ni mwendo wa saa sita hadi Nairobi, kwamba kule kuna mashine ambazo hapa hatuna, na kwamba nikiinama na kumbeba hana uzito wa kunishinda. Mwanangu yuko darasa la saba kwa sababu ya huyu mama. Nilitaka aishi, basi, kwa nguvu au kwa hila. Machela ilikuwa mkononi mwangu kama usiku ule mwingine. Kila mtu mle ndani alikuwa ameshakubali, na wote tulimpenda.

Nikapiga magoti.

"Sista," nikasema. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

Kicheko kilimtoka, kikawa kikohozi, muuguzi kijana akamwinua akamnywesha maji. Alipotulia alijibu Kisomali, na alijibu kwa sauti ya kufika kwenye kila kiti.

"Hapana. Nimewapeleka wangapi Nairobi wa koo hili? Nimewapokea wakirudi ndani ya sanda. Sikatai dawa. Ya maumivu iletwe hapa, kila siku, na wewe, Dereva, ndiye utakayehakikisha. Nakataa kupelekwa."

Kijana wake akasimama. "Hooyo, sisi tumeshakubaliana."

"Nimesikia," akasema. "Mmekubaliana vizuri. Nyinyi nendeni."

Kijana wa pili akaanza kulia kwa sauti, mwanamume mzima, na akanigeukia mimi, akaniambia abti, wewe ni mtu wa kazi hii, mbebe tu. Nilimwambia siwezi. Akaniambia nina moyo wa jiwe. Nilijua alichokuwa anakiona. Nami nilikiona usiku ule nikiwa nimeishika machela mlangoni.

"Leta fomu," Sista akasema.

Nikampa fomu na kalamu. Alikata jina la mtoto wake kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika lake, na kando neno hapana, herufi baada ya herufi, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipofika kwenye uhusiano alipumzika kidogo, akavuta pumzi, akaendelea kwa herufi kubwa zilezile. Ilichukua muda mrefu. Tulisimama wote tukingoja, na nje gari lilinguruma.

Akanirudishia kalamu.

"Haya, Dereva," akasema. "Sasa sima gari. Nataka kulala."

Nikatoka nje, nikazima injini.